Unaswali mara ngapi kwa siku? Swali jepesi linalowasumbua watafiti wa afya ya akili

Kuna aina ya habari inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, hasa Ramadhani ikikaribia: utafiti umethibitisha kwamba Waislamu wanaoshika dini hawapati sonona (depression) kama wengine. Watu wanajaza maashallah, mtu anaforwadi, Ijumaa inayofuata iko kwenye khutba. Sasa mimi sina ugomvi na hiyo habari, Qur'an imeshasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah na Muislamu hasubiri chuo kikuu kimthibitishie hilo. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza huyo "anayeshika dini" amejulikanaje. Mtafiti hakuhamia nyumbani kwake akamwangalia, alimpa karatasi yenye maswali matano au kumi, akajumlisha pointi, basi, ndo dini yako hiyo.

Tuanze na kipimo kimoja kinachotumika sana duniani, kinaitwa DUREL, kimetoka Chuo Kikuu cha Duke kule North Carolina, Marekani, kikatolewa 1997 na Harold Koenig na wenzake. Watu wanakipenda kwa sababu ni kifupi, maswali 5 tu, mgonjwa hachoki. La kwanza linauliza unahudhuria mara ngapi kanisani au kwenye mikusanyiko mingine ya dini. La pili, unafanya mara ngapi ibada za peke yako kama maombi, kutafakari au kusoma Biblia. Halafu matatu ya mwisho ni ya moyoni, kwamba unahisi uwepo wa Mungu maishani mwako, imani yako ndo inaongoza namna unavyoishi, unajitahidi kuingiza dini kwenye mambo yako yote. Mawili ya mwanzo yana pointi 1 hadi 6 kila moja, matatu ya mwisho 1 hadi 5, kwa hiyo wa chini kabisa anapata 5 na wa juu kabisa 27. Ikija kwa Waislamu wanabadilisha kidogo, kanisa linakuwa msikiti, Biblia inakuwa Qur'an, kazi inaendelea.

Shida inaanzia swali la pili. Jibu la juu kabisa pale ni "zaidi ya mara moja kwa siku". Kwa Mkristo wa Marekani hilo ni jibu la mtu wa dini kweli kweli, lakini kwa Muislamu swala ni tano na ni faradhi, kwa hiyo anayeswali mbili akaziacha tatu, anayeswali zote kwa wakati wake, na yule anayeongeza dhuha, witri na tahajudi ya usiku wa manane, wote wanaondoka na 6. Ni kama kupima urefu wa watu wazima kwa rula ya shule, kila mtu anaishia mwisho wa rula halafu unaandika kwenye ripoti kwamba wote wako sawa. Na takwimu zinategemea tofauti kati ya watu, kama watu 300 wote wamepata 6 basi hilo swali haliwezi kukuambia chochote kuhusu nani ana sonona na nani hana. Maswali ya itikadi yaliyomo kwenye vipimo vingine ndo zaidi, wewe nenda Pemba umuulize mtu kama anaamini Allah ni mmoja halafu uone kama kuna atakayesema hapana.

Swali la kwanza nalo lina yake. Kwenda msikitini kwa mwanamme ni jambo moja na kwa mwanamke ni jambo jingine kabisa, Ijumaa ni faradhi kwa wanaume, mwanamke hailazimiki, na misikiti mingi ya zamani huku pwani nafasi ya akina mama ni finyu au haipo. Sasa chukua mume na mke wa nyumba moja, wote wanaswali tano, wote yale maswali matatu ya moyoni wamejibu juu kabisa. Mume anaenda msikitini kila siku: 6 + 6 + 15, amepata 27. Mke hajakanyaga msikitini mwaka mzima kwa sababu anaswali nyumbani kama alivyofundishwa: 1 + 6 + 15, amepata 22. Pointi tano zimeondoka na wala hajapungukiwa na kitu mbele ya sheria ya dini yake. Halafu kumbuka kwamba duniani kote sonona inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hilo linajulikana siku nyingi. Ukichanganya wote kwenye hesabu moja bila kutenganisha jinsia, kompyuta itakuambia wenye dini ndogo ndo wenye sonona zaidi, na ulichopima hapo hasa ni nani mwanamme na nani mwanamke. Ripoti kubwa ya Pew ya 2012 iliyopita nchi 39 ilionyesha hili jambo linavyobadilika kutoka sehemu na sehemu, kuna nchi za Asia ya Kusini na ya Kati ambako wanawake wengi wanasema hawaendi msikitini kabisa, wakati kuna nchi za Afrika wanakwenda sana tu. Kwa hiyo hata kulinganisha nchi na nchi kwa swali hilo ni mtihani. Tuwe wakweli pia, Koenig mwenyewe aliandika baadaye kwamba hizo sehemu tatu, yaani kuhudhuria, ibada za peke yako na yale ya moyoni, zisijumlishwe, kila moja ichambuliwe peke yake. Watu wanajumlisha tu.

Mfano ninaouona mkubwa kuliko wote ni wa mama aliyejifungua. Sonona ya baada ya uzazi inapimwa sana kwa kipimo cha Edinburgh, kile cha 1987 chenye maswali 10, na mara nyingi wanakipima kwenye wiki ya 6 hivi kwa sababu ndo mama anarudi kliniki. Wiki 6 ni siku 42. Na mama huyo katika siku hizo alikuwa kwenye nifasi, yaani damu ya uzazi, ambayo kwa kawaida inafika siku 40 na kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi ambao ndo wengi Afrika Mashariki, inaweza kwenda hadi 60. Haswali, hafungi, na hizo swala hata hazilipi. Unamkalisha hapo unamuuliza mwezi uliopita umeswali mara ngapi, anakujibu sijaswali, unamwandika chini kabisa, kisha unamsomea maswali ya sonona. Wanawake wenye hedhi ni vilevile kila mwezi, funga wanailipa, swala hawalipi. Dodoso lisilokuwa na kisanduku cha "nilikuwa na udhuru" linamhesabu mtii kuwa mzembe.

Na udhuru ndo kitu ambacho vipimo vya kuazima havina kabisa, wakati sheria yetu imejaa udhuru. Mgonjwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu, hadithi maarufu hiyo ya Imran bin Husein. Msafiri anapunguza na kukusanya. Mzee asiyeweza kufunga analisha masikini. Aliyerukwa na akili kalamu imenyanyuliwa juu yake mpaka apone, sawa na aliyelala na mtoto. Hebu fikiria maana yake kwa mtafiti anayeenda wodini kupima "ushikaji dini" wa watu wenye skizofrenia, huyo mtu katika siku zake mbaya haandikiwi chochote, si thawabu ya swala wala dhambi ya kuiacha, wewe unamwandikia skoa gani? Halafu kuna madhehebu. Mashia Ithnasheri, na wapo wa kutosha Dar, Mombasa na Unguja, kwa kawaida wanaziswali zile swala tano kwa nyakati tatu. Ukimuuliza mara ngapi kwa siku akakujibu tatu, dodoso lililoandikwa na Msunni litamwona mtoro.

Sasa tukija kwenye lile dai lenyewe, kwamba swala zinazuia sonona, hata ukiwa na kipimo kizuri bado hujui kipi kimeanza. Sonona inakula nguvu za mwili, inaharibu usingizi, mtu anafungua macho saa kumi na moja alfajiri anasikia adhana kabisa na hawezi kunyanyuka, siyo kwamba hataki. Anaacha alfajiri, kisha anaona aibu, aibu inamfanya akwepe msikiti maana watamuuliza alikuwa wapi, baada ya miezi mitatu ukimpima ana swala chache na sonona kubwa, na mtu wa pembeni anasema unaona, angeshika dini asingefika hapa. Utafiti wa kupima watu mara moja hauwezi kutenganisha hizo hadithi mbili, na tafiti nyingi ni za kupima mara moja kwa sababu ndo za bei nafuu. Kinachosaidia ni kuwafuata watu walewale kwa muda, au kama pesa hakuna basi angalau kuuliza: ibada yako sasa hivi ikoje ukilinganisha na ulivyokuwa kabla hujaanza kuumwa? Hilo swali moja kwangu lina faida kuliko maswali kumi ya mara ngapi.

Ramadhani nayo inavuruga pande zote mbili kwa pamoja. PHQ-9, kile kipimo cha sonona cha maswali 9 kinachoulizia wiki mbili zilizopita, kina swali la usingizi, la uchovu na la hamu ya kula. Mtu anaamka kula daku, anaswali tarawehe mpaka usiku, mchana hali, unategemea ajibu nini? Na wakati huohuo msikiti umejaa hata wale wa mwaka mara moja. Ukirudi kupima tena mwakani mwezi uleule wa kizungu, Ramadhani imeshasogea siku kama 11. Cha kushangaza ni makala ngapi hazitaji hata tarehe za kukusanya data kwa kalenda ya Kiislamu.

Hapo bado hatujagusa ukweli wa majibu. Muislamu akiulizwa kuhusu ibada yake anavutwa pande mbili. Upande mmoja kuna aibu, nani atamwambia mgeni mwenye tableti kwamba haswali? Upande mwingine kuna riya, tumefundishwa tangu madrasa kwamba ibada ya kuonyesha inaharibika, kuna yule atakayekuwa kivulini siku ya kiyama kwa sababu alitoa sadaka mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Kwa hiyo mzembe anaongeza na mchamungu anapunguza, na wote wanakutana katikati wakiwa hawafanani kabisa. Philip Brenner mwaka 2014 alitoa uchambuzi akilinganisha majibu ya sarvei na shajara za muda, zile ambazo mtu anaandika siku yake nzima alifanya nini saa ngapi bila kuulizwa habari za dini, kwa Pakistani, Palestina na Uturuki, na swala za kwenye sarvei zilikuwa nyingi kuliko za kwenye shajara. Mwaka mmoja kabla yake Lisa Blaydes na Rachel Gillum walikuwa wameonyesha kwa wanawake wa Cairo kwamba ukimtuma mhojaji aliyevaa hijabu, Waislamu wanajieleza kuwa wana dini zaidi kuliko akija asiyevaa. Maswali ni yaleyale, kilichobadilika ni kitambaa kichwani kwa anayeuliza. Na huku kwetu wahojaji wanatoka palepale mtaani, unaweza kuulizwa na mtoto wa imamu.

Kuna wenye skoa kubwa ya ibada ambao ibada yenyewe ndo ugonjwa. Mtu wa wasiwasi wa udhu kila mmoja wetu anamjua mmoja, anatawadha mpaka maji ya pipa yanaisha, anarudia takbira mara ishirini, swala ya dakika tano anaimaliza saa nzima na bado haamini imeswihi. Kwenye dodoso huyu ni bingwa. Madaktari wanaliita tatizo hili OCD, na wanazuoni wetu walilijua zamani sana, Abu Zayd al-Balkhi aliyefariki 934 aliandika kuhusu fikra zinazomng'ang'ania mtu mpaka zikamtesa, Ibn al-Jawzi wa Baghdad aliyefariki 1201 akawasema vikali wanaopoteza maji na muda kwenye udhu. Kwa hiyo mstari haupandi moja kwa moja, kwamba ibada ikiongezeka afya inaongezeka, mahali fulani unajikunja, na hesabu ya kawaida ya kuchora mstari ulionyooka haiuoni huo mkunjo.

Kuna waliojaribu kutengeneza vyao wenyewe badala ya kuazima. Ahmed Abdel-Khalek, Mmisri aliyefanya kazi sana Kuwait, alirahisisha mpaka mwisho, swali moja tu, kwa ujumla una dini kiasi gani, toa namba 0 hadi 10. Nilivyoliona mara ya kwanza nilicheka, ila lina akili yake, linamwachia mtu ajipime kwa mizani yake mwenyewe, na mwanamke hapunjwi pointi za msikiti. Ubaya ni kwamba mtu mwenye sonona anajishusha kwenye kila kitu, atajipa 3 kwenye dini kama anavyojipa 3 kwenye uzazi na kwenye kazi. Mwingine ni Hisham Abu Raiya na wenzake, 2008, hawa walianza kwa kukaa na Waislamu na kuwasikiliza ndipo wakaandika maswali, kisha wakayajaribu kwa Waislamu 340 kwenye intaneti. Kipimo chao kinaitwa PMIR, ni kirefu, maswali 60, kinagusa itikadi, wajibu, maadili kama kutosengenya na kuwatendea wema wazazi, halafu kina sehemu ambayo kwa maoni yangu ndo dhahabu: mvutano wa mtu na imani yake, yaani shaka, na ile hali ya kuona kila baya linalomfika ni adhabu ya Allah.

Nasema dhahabu kwa sababu ya ukubwa wa namba. Mwaka 2003 Smith, McCullough na Poll walikusanya tafiti 147 zenye watu karibu laki moja, wa dini mbalimbali, wakaangalia dini na dalili za sonona. Uhusiano walioupata ulikuwa -0.096, yaani dini ikipanda sonona inashuka kidogo. Kwa lugha ya kawaida, dini ilivyopimwa kwa ujumla ilieleza chini ya asilimia moja ya tofauti ya sonona kati ya mtu na mtu. Upo, ni wa kweli, ila ni mdogo mno kubebeshwa zile meseji za WhatsApp. Lakini walipotenganisha aina za dini picha ikabadilika, dini ya kutafuta faida za nje kama sifa za watu, na kukabili matatizo kwa kuhisi Mungu amekuacha au anakuadhibu, hizo zilienda pamoja na sonona zaidi. Maana yake kuhesabu rakaa kunakupa habari kidogo, na kuuliza mtu anamwonaje Mola wake akiwa kwenye shida kunakupa habari nyingi.

Na bado kuna mengi ya kwetu ambayo hakuna dodoso la kigeni linaloyauliza. Mtu wa Unguja kabla hajafika Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, pengine ameshasomewa na shehe, ameshakunywa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, ameshafanyiwa dua nyumbani, hitma imesomwa. Hizo ni ibada au ni tiba? Wapo mashehe wanaobishana hapohapo mtaani kuhusu hilo. Bibi anayehudhuria maulidi na darsa za akina mama kila wiki, amezungukwa na watu wanaomjulia hali, huenda faida anayoipata inatokana na dhikri, huenda inatokana na wale wenzake, na swali la "unaenda msikitini" halikumgusa popote.

Upande wa pili wa hesabu, yaani kupima ugonjwa wenyewe, nao una uchafu uleule. Mfano kujiua. Ni haramu, ni aibu ya ukoo mzima, na Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Kenya Mahakama Kuu ndo imekitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume na katiba Januari 2025. Mtu mwenye dini akiulizwa kama amewahi kufikiria, anakataa haraka kuliko mwingine, na hapo utafiti unaandika kwamba dini imemkinga. Labda imemkinga, labda imemziba mdomo. Rania Awaad wa Stanford na wenzake walitumia sarvei ya Marekani ya 2019, wakachapisha 2021, wakakuta Waislamu wa kule wanaripoti kuwahi kujaribu kujiua kwa kiwango kikubwa kuliko watu wa dini nyingine waliowalinganisha nao. Watu wengi walishtuka, kwa sababu tulishazoea kuambiana kwamba kwetu hayapo.

Kwa hiyo mengi yako kwenye namna ya kuuliza. Ukimwambia mgonjwa Muislamu moja kwa moja "je, unahisi Mungu amekuacha?" atasema astaghfirullah na hiyo ndo itakuwa sifuri yako, hata kama usiku analia kwa jambo hilohilo. Hapo mtafiti anayeijua dini ana mlango ambao mwenzake hana. Surat Dhuha ilishuka Mtume (s.a.w.) akiwa amekatikiwa na wahyi kwa muda, ikamwambia Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia. Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yakawa meupe. Bibi Maryam kwenye uchungu wa uzazi alisema laiti angekufa kabla ya hayo. Ukimtangulizia mtu hayo kwa upole, kwamba waja wema wamepita kwenye huzuni nzito na maneno yao yamo ndani ya Qur'an, kisha ukamuuliza na wewe yamewahi kukufika yanayofanana na hayo, unamruhusu ajibu ndiyo bila kuhisi ametoka kwenye dini. Swali la namna hiyo inabidi lijaribiwe kwanza kwa watu wachache, wanaume na wanawake mbalimbali, uwaombe wakueleze wameelewa nini, na lazima uwe na mtu wa kumpeleka yule atakayejibu ndiyo, siku hiyohiyo, siyo baada ya data kuchakatwa.